Fundi Sanifu wa Usingizi na Mafunzo ya Kazi ya Kukesha

Kwa muda mrefu usingizi ulihesabiwa kuwa ni hali moja tu: ubongo huzimwa usiku kama taa, na asubuhi huwashwa tena. Fikra hiyo ilianza kubomoka mwaka 1929, Hans Berger, daktari wa Chuo Kikuu cha Jena nchini Ujerumani, alipotangaza kwamba amefaulu kupima umeme wa ubongo wa mtu kupitia ngozi ya kichwa. Mwaka 1937 Alfred Loomis na wenzake huko Marekani walionyesha kwamba mawimbi ya umeme huo hubadilika kwa ngazi kadiri mtu anavyozidi kuzama usingizini. Kisha mwaka 1953 Eugene Aserinsky na Nathaniel Kleitman wa Chuo Kikuu cha Chicago wakaeleza ngazi ya ajabu kuliko zote, ambamo macho ya mtu aliyelala huchezacheza upesi chini ya kope, na akiamshwa wakati huo mara nyingi husema kwamba alikuwa akiota.

Ugunduzi huo ulizaa kazi mpya. Kumpima mtu usiku kucha ni jambo linalohitaji mtu mwingine asiyelala. Huko Marekani mtu huyo, yaani fundi sanifu wa usingizi, mara nyingi hufunzwa katika chuo cha jamii. Vyuo vya aina hiyo ni vya umma, masomo yake makuu huchukua miaka miwili, na hupokea vijana na watu wazima wa mahali penyewe waliomaliza shule ya sekondari. Cha kwanza kilianzishwa Joliet, jimbo la Illinois, mwaka 1901. Mwanafunzi wa usingizi huweza kuchukua cheti cha muda wa mwaka mmoja hivi, au shahada ya miaka miwili ambayo kwa kipimo cha Afrika Mashariki yakaribiana na stashahada.

Masomo ya mwanzo hayana jambo geni: anatomia, fiziolojia, istilahi za tiba, hisabati kidogo, kanuni za umeme na usalama wake, na namna ya kumhuisha mtu ambaye moyo wake umesimama. Ugeni waanza mwanafunzi anapopewa utepe wa kupimia, penseli ya nta na kichwa cha mwenzake.

Elektrodi haziwekwi kichwani kwa kukisia. Hupimwa umbali kutoka kishimo kilicho baina ya macho, juu ya pua, kupitia utosini hadi nundu ya kisogoni, kisha umbali huo hugawanywa kwa asilimia 10 na 20. Kichwa chenye sentimita 36, kwa mfano, hupata alama ya kwanza sentimita 3.6 juu ya kishimo, ya pili sentimita 7.2 mbele yake, na utosi huangukia sentimita 18. Manufaa ya utaratibu huu ni kwamba kichwa cha mtoto na cha mzee hupimwa mahali palepale pa ubongo, japo ukubwa wake ni tofauti. Baada ya hapo ngozi husuguliwa taratibu kuondoa mafuta, na elektrodi hugandishwa kwa malhamu maalum yenye kupitisha umeme. Ukinzani wa umeme hutakiwa usizidi omu 5,000. Nywele nzito za kipilipili au zilizosukwa huhitaji mkono mwepesi na subira. Chuo kisichowapa wanafunzi wake mazoezi juu ya vichwa vya kila namna huwaachia wagonjwa gharama ya upungufu huo.

Kichwa ni sehemu tu ya kazi. Elektrodi nyingine huwekwa kando ya macho, kidevuni, kifuani na miguuni. Kihisio cha pumzi huwekwa puani. Mikanda miwili huzungushwa kifuani na tumboni. Na kidoleni hubanwa chombo cha mwanga kinachokadiria oksijeni ya damu. Kabla taa hazijazimwa, mgonjwa huombwa atazame juu, chini, kulia na kushoto, apepese macho, aume meno, akunje nyayo, abane pumzi. Kwa mgeni mambo haya huonekana kama mchezo. Kumbe ndiyo hakikisho kwamba kila mstari wa kioo unasema kile unachodaiwa kusema.

Zamani kumbukumbu hizo zilichorwa kwa kalamu za wino juu ya karatasi iliyokwenda milimita 10 kwa sekunde. Ukurasa wa sentimita 30 ulibeba sekunde 30, na usiku wa saa nane ulitumia kurasa 960, yaani mita 288 za karatasi. Leo ni kompyuta, lakini ukurasa wa sekunde 30 umebaki, na fundi huupa kila mmoja jina la ngazi yake. Mtu aliye macho lakini amefumba kope hutoa mawimbi ya mizunguko 8 hadi 13 kwa sekunde. Anaposinzia mawimbi hayo hutoweka na kuacha ya polepole zaidi. Katika ngazi ya pili hutokea vifungu vifupi vya mawimbi ya haraka, vyenye umbo la pia ya kusokotea uzi. Katika usingizi mzito huja mawimbi makubwa ya mizunguko 2 kwa sekunde au pungufu, yenye kimo kinachopita maikrovolti 75. Yakijaza sekunde 6 au zaidi za ukurasa, ukurasa huo huhesabiwa kuwa wa usingizi mzito.

Hapa ndipo mwanafunzi mzuri hutengana na yule aliyekariri. Mgonjwa akitoka jasho, chumvi yake huyumbisha umeme wa elektrodi na kuchora mawimbi makubwa ya polepole, ambayo macho yasiyozoea huyaita usingizi mzito. Upo uwezo wa kuyachuja kwa swichi, lakini kichujio hakibagui: hupunguza na mawimbi ya kweli. Dawa yake ni kumpunguzia mgonjwa joto, kwa feni au kwa kumwondolea blanketi. Vivyo hivyo waya uliolegea hunasa umeme wa nyumba, ambao Marekani hutetema mara 60 kwa sekunde (Afrika Mashariki ni 50), na mpigo wa moyo hupenya katika mistari ya ubongo. Fundi hutakiwa aingie chumbani gizani, arekebishe waya, atoke bila kumwamsha mwenyewe.

Wagonjwa wengi hupelekwa kupimwa kwa sababu ya kukatika kwa pumzi usingizini. Mkatiko huhesabiwa pale hewa inapopungua kwa asilimia 90 au zaidi kwa muda usiopungua sekunde 10. Lakini kuna mikatiko ya namna mbili. Ikiwa mikanda ya kifua na tumbo yaendelea kuhangaika huku puani hapapiti kitu, koo limeziba. Ikiwa mikanda nayo imetulia, ubongo haukutoa amri ya kupumua. Asubuhi wagonjwa wote wawili watalalamika uchovu uleule, bali tiba zao huachana. Mtu mzima mwenye mikatiko na mipunguo ya pumzi 30 au zaidi kwa kila saa ya usingizi huhesabiwa kuwa mgonjwa sana. Watu wa namna hiyo huandamwa na shinikizo la damu na kusinzia mchana, hata wakiwa wameshika usukani.

Kwa walioziba koo, tiba iliyoenea ni ile aliyoieleza Colin Sullivan na wenzake wa Sydney, Australia, mwaka 1981: hewa isukumwe puani kwa kinyago ili koo lisibanane. Mwanafunzi hufundishwa kuanza na msukumo mdogo, sentimita 4 za maji, na kuupandisha hatua kwa hatua, akisubiri dakika 5 au zaidi baina ya hatua, mpaka pumzi inyooke. Kipimo atakachopata usiku huo ndicho huenda mgonjwa akalala nacho miaka mingi.

Daktari ndiye atoaye hukumu ya ugonjwa, lakini huitoa juu ya kurasa zilizokwisha tiwa alama. Na kutia alama si hesabu tupu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2013, ulioshirikisha watia alama zaidi ya 2,500 waliopewa kurasa zilezile, ulikuta wanaafikiana kwa asilimia 83 hivi. Katika ngazi ya kusinzia maafikiano yalishuka hadi asilimia 63.

Chombo cha kidoleni nacho chataka tahadhari ambayo miaka ya nyuma haikufundishwa ipasavyo. Mwaka 2020 watafiti wa Michigan walionyesha kwamba chombo hicho kilipoonyesha oksijeni ya kutosha, damu yenyewe ilikutwa na upungufu kwa karibu asilimia 12 ya vipimo vya wagonjwa Weusi, dhidi ya asilimia 4 hivi kwa Weupe. Rangi ya ngozi huingilia mwanga. Na kwa kuwa baadhi ya mipunguo ya pumzi huhesabiwa tu pale oksijeni inaposhuka kwa kiasi fulani, jambo hili linawahusu sana walimu wa kazi hii, na litahusu kila hospitali ya Afrika itakayonunua vyombo hivyo.

Vipimo vyenyewe si vigeni kabisa barani. Nchini Kongo-Brazzaville vilitumika kuchunguza malale, vikabainisha kwamba mgonjwa halali saa nyingi kupita kiasi kama jina la ugonjwa linavyodhaniwa. Usingizi wake husambaratika mchana na usiku, na ile ngazi ya macho kuchezacheza humjia mapema mno.

Mwanafunzi akimaliza darasa na mazoezi ya usiku katika kliniki, hufanya mtihani wa bodi ya taifa, ambao uliendeshwa mara ya kwanza mwaka 1979. Usajili wake huhuishwa kila baada ya miaka 5. Kwa kawaida hukabidhiwa wagonjwa wawili kwa usiku. Kazi yenyewe ina kinaya chake, kwani anayelinda usingizi wa wengine hupoteza wake, na mwaka 2007 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani liliorodhesha kazi za usiku zinazovuruga saa ya mwili miongoni mwa mambo yanayoelekea kusababisha saratani. Siku hizi wagonjwa wengi huchukua kifaa kidogo wakajipima nyumbani. Kwa kawaida kifaa hicho hupima pumzi, moyo na oksijeni bila kugusa ubongo, hivyo hakijui kama mwenyewe amelala au amejilaza tu, na waya ukichomoka saa saba za usiku hakuna wa kuurudisha. Hao wenye koo lililoziba bila maradhi mengine huweza kutoshelezwa nacho. Wanaobaki kuja kliniki ni wenye moyo dhaifu, mapafu mabovu, kifafa na magonjwa ya mishipa ya fahamu, na ndio maana mitaala ya vyuo imelazimika kuwa mizito zaidi.