Upasuaji wa Mikono kwa Waliopooza kwa Kuumia Shingo: Nini Huwaridhisha Wagonjwa?

Mtu anayeumia uti wa mgongo sehemu ya shingo anaweza kupooza mikono na miguu kwa pamoja. Utafiti uliofanyika mkoani Kilimanjaro ulibaini kuwa ajali za barabarani na kuanguka ndizo sababu kuu mbili za majeraha ya uti wa mgongo. Kwa wakazi wa Kibaha, inayopitiwa na Barabara ya Morogoro, na wa Kisarawe, wanaopanda minazi na miembe kuvuna matunda, hatari hizo si ngeni.

Familia nyingi huamini kuwa mkono uliopooza hauna tiba. Hata hivyo, mara nyingi baadhi ya misuli ya bega na mkono hubaki na nguvu. Daktari bingwa anaweza kuhamisha kano ya msuli wenye nguvu ili ifanye kazi ya msuli uliopooza. Sehemu ya msuli wa bega, kwa mfano, huweza kutumika kunyoosha kiwiko, na msuli wa kigasha kukipa kidole gumba uwezo wa kubana kitu. Upasuaji huo uliendelezwa katika miaka ya 1970 na Daktari Erik Moberg wa Sweden.

Je, wagonjwa huridhika? Katika utafiti uliochapishwa nchini Marekani mwaka 2003, watu 67 waliofanyiwa upasuaji huo waliulizwa. Asilimia 70 walisema wameridhika kwa jumla, asilimia 77 kuwa umeleta mabadiliko mema maishani mwao, na asilimia 68 kuwa shughuli za kila siku zimekuwa rahisi zaidi. Maana yake ni kwamba takriban watu 3 kati ya 10 hawakutamka kuridhika.

Kwa hiyo ni muhimu mgonjwa aelewe mapema kwamba upasuaji huu haurudishi hisia wala uwezo wa kutembea. Yeye mwenyewe ndiye ataje anachokitaka: kushika kijiko, kupiga simu, kuandika au kusukuma kiti mwendo. Aidha, mkono hufungwa kwa wiki kadhaa, kisha hufuata miezi ya mazoezi. Katika kipindi hicho mgonjwa huhitaji msaada mkubwa zaidi nyumbani, na familia haina budi kujipanga.

Kwa kawaida upasuaji wa kano hufanyika baada ya hali ya mgonjwa kutulia, mara nyingi takriban mwaka mmoja tangu kuumia. Viungo vikikakamaa kabla ya hapo, au vidonda vya mgandamizo vikijitokeza, nafasi hiyo inaweza kuchelewa au kupotea. Kwa sababu hiyo, mgonjwa asifichwe ndani. Viungo vyake vichezeshwe kila siku kwa maelekezo ya mtaalamu wa fiziotherapia, wala vidole visinyooshwe kwa nguvu wakati kiganja kimeinuliwa kwa nyuma.

Wananchi wenye ndugu wa aina hiyo wanashauriwa kuanzia zahanati au kituo cha afya kilicho karibu, ili wapewe rufaa kwenda Hospitali ya Wilaya ya Kisarawe au Hospitali ya Rufaa ya Mkoa Tumbi, Kibaha. Kutoka hapo, mgonjwa anaweza kuelekezwa Taasisi ya Mifupa Muhimbili (MOI), ambako madaktari bingwa watampima na kumshauri. Waende na kumbukumbu zote za matibabu, na mgonjwa aende akiwa na jibu la swali hili: angependa mkono wake ufanye nini?