Asha Juma Yupi? Kuandika Maelezo ya Zana ya Kutafutia Mawasiliano ya Wagonjwa

Muuguzi anaiagiza programu ya akili unde: "Mkumbushe Asha Juma kwamba kesho ana miadi ya kuchukua dawa." Programu inafungua daftari la mawasiliano la hospitali na kuwakuta Asha Juma watatu. Mmoja anahudhuria kliniki ya kisukari, wa pili kliniki ya wajawazito, na wa tatu Kliniki ya Tiba na Matunzo kwa wanaoishi na VVU. Ujumbe ukimfikia asiyehusika, siri ya mgonjwa imekwisha kutoka, wala haiwezi kurudishwa.

Programu ya namna hii huitwa wakala wa akili unde. Hupewa kazi, kisha huchagua yenyewe hatua za kuitekeleza kwa kutumia zana ilizokabidhiwa: ya kutafuta mawasiliano, ya kutuma ujumbe, ya kusoma orodha ya miadi. Wakala haoni jinsi zana ilivyoundwa ndani. Katika utaratibu wa wazi wa Model Context Protocol, uliotolewa na kampuni ya Anthropic Novemba 2024, zana hujitambulisha kwake kwa jina, kwa maelezo ya kazi yake na kwa mpangilio wa taarifa inazozihitaji. Maelezo hayo basi hufanana na cheti cha dawa kinachosomwa na mfamasia asiyeweza kumpigia daktari simu: kilichoachwa bila kuandikwa hujazwa kwa kukisia.

Tuchukue maelezo haya: "Hutafuta mtu kwa jina na kutoa namba yake ya simu." Sentensi ni fupi na ni ya kweli, lakini ni ya hatari. Haisemi iwapo Hamisi na Khamis watahesabiwa kuwa jina moja, wala iwapo namba inayoanza na 0 ni sawa na ile ile inayoanza na +255. Zaidi ya yote, haisemi la kufanya majibu yakiwa matatu, na wakala asiyeelekezwa huweza kulichukua la kwanza. Afadhali kuandika hivi: "Tafuta kwanza kwa namba ya jalada. Ukitumia jina, ongeza tarehe ya kuzaliwa. Majibu yakizidi moja, usichague. Mwonyeshe mtumishi aliyekuagiza, naye ndiye atakayeamua."

Jibu tupu nalo linahitaji kufafanuliwa, na hapa waandishi wengi wa maelezo hupita haraka mno. Zana isipotoa kitu, huenda mgonjwa hayumo katika daftari. Huenda yumo, lakini mtandao umekatika. Huenda pia yumo na mtandao upo, ila wakala hana ruhusa ya kuliona jalada lake. Hali hizi tatu zikirudishwa kwa neno moja, "hakuna", wakala anaweza kumtaarifu muuguzi kwamba mgonjwa hana simu, na mgonjwa aliyepaswa kufuatiliwa akaachwa. Kila hali ipewe jibu lake, na maelezo yaseme waziwazi kwamba kukosa namba si sababu ya kubuni namba.

Kisha kuna swali ambalo mafundi wa kompyuta hawalifikirii sana, ingawa kila mpokezi analijua: simu hii ni ya nani? Katika familia nyingi simu moja hutumiwa na watu kadhaa, na mgonjwa huandikisha namba ya mume, ya binti au ya jirani. Namba iliyoachwa muda mrefu nayo huweza kupewa mteja mwingine. Kwa hiyo jibu la zana lionyeshe mwenye simu, tarehe ambayo namba ilithibitishwa mara ya mwisho, na aina ya ujumbe ambao mgonjwa ameuridhia. Nchini Tanzania, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazihesabu taarifa za afya miongoni mwa taarifa nyeti. Jina la kliniki ndani ya ujumbe mfupi linatosha kuifichua taarifa ya namna hiyo.

Hata hivyo, maelezo si kufuli. Wakala huweza kuyasoma na bado akakosea, kama mtumishi aliyechoka mwishoni mwa zamu. Zana ya kutuma ujumbe iundwe kwa namna ya kukataa namba tupu na kupokea tu jalada lililothibitishwa na mtumishi, na kila utafutaji uandikwe: nani aliagiza, lini, kwa sababu gani.

Nawe mgonjwa, dirishani pa kujiandikisha usiishie kuitaja namba. Sema simu ni ya nani, nani mwingine huipokea, na kama ungependa ujumbe useme tu "una miadi kesho" bila kutaja kliniki. Ukibadili laini, iarifu masjala kabla ya miadi ijayo.