Meseji Yako Inasomwa na Nani?

Meseji ya kawaida ya simu ni barua isiyo na bahasha. Kampuni ya simu inaweza kuisoma ikipita.

WhatsApp haiko hivyo. Tangu mwaka 2016 inaifunga meseji, na ufunguo anao mwandishi na mwandikiwa tu. Hata wenye WhatsApp hawaisomi, ingawa wanajua unaandikiana na nani. Signal hufunga vilevile, nayo haiweki kumbukumbu ya unaoandikiana nao. Telegram je? Wengi huidhania ya siri. Kumbe haifungi hivyo mpaka wewe mwenyewe uchague mazungumzo ya siri.

Sasa jiulize: unamficha nani? Kama ni bei ya ng'ombe, WhatsApp yatosha, tena jamaa zako wanayo tayari. Signal ya peke yako utamwandikia nani?

Lakini mfikirie binti wa hapa Morotonga mwezi Desemba, msimu wa ukeketaji, anayetaka kukimbilia nyumba salama kule Mugumu. Wa kumwogopa si kampuni. Ni kaka yake anayeshika simu hiyohiyo. Kufuli ya njiani haimsaidii. Yeye anahitaji meseji zinazojifuta zenyewe. WhatsApp na Signal zote zinazo: gusa jina la unayeandikiana naye, tafuta mahali pa meseji zinazotoweka, chagua muda. WhatsApp huweka saa 24. Signal hukubali hata sekunde 30.

Tena anaweza kupiga 116, simu ya watoto, bila malipo. Akimaliza, aifute namba hiyo kwenye orodha ya simu alizopiga.