Zana za kukatia msituni

Zana za kukatia msituni ni vifaa vya mkono vyenye makali ambavyo mtu huvibeba anapoingia msituni au porini kwa kazi au kwa safari. Zilizo za kawaida katika Afrika ya Mashariki ni panga, shoka, kisu na msumeno. Hutumiwa na mabwana na mabibi misitu, wapimaji wa ardhi, warina asali, wachungaji, watafiti wa mimea, waongoza watalii, maskauti, na wanavijiji wanaotafuta kuni au dawa za miti shamba.

Uchaguzi wa zana hutegemea mambo matatu: aina ya mimea itakayokatwa, umbali wa safari, na sheria ya mahali panapohusika. Hakuna zana moja inayofaa kwa kila kazi. Anayechagua vibaya huchoka bure na huharibu miti, na anaweza kujikata mahali ambapo zahanati iko mwendo wa saa nyingi.

Historia

Zana za kukatia zina historia ndefu Afrika ya Mashariki kuliko karibu mahali pengine popote duniani. Zana za mawe zilizopatikana Lomekwi, magharibi mwa Ziwa Turkana nchini Kenya, zina umri wa takriban miaka milioni 3.3. Mashoka ya mkono, yaani mawe yaliyochongwa pande mbili hadi kupata ncha na makali, yalianza kutengenezwa miaka milioni 1.7 hivi iliyopita. Mengi huonekana hadi leo Olorgesailie nchini Kenya na Isimila karibu na mji wa Iringa nchini Tanzania.

Baadaye chuma kilichukua nafasi ya jiwe. Wahaya, magharibi mwa Ziwa Viktoria, waliyeyusha chuma tangu takriban miaka 2,000 iliyopita, na Wagweno wa milima ya Upare kaskazini walijulikana kwa uhunzi wao. Mhunzi alifua shoka, kisu, jembe na mkuki kwa moto wa makaa na mivukuto. Siku hizi wahunzi wengi hutumia vyuma chakavu, hasa springi za magari, ambazo ni feleji ngumu inayoshika makali vizuri. Mapanga yaliyo mengi madukani hutoka viwandani.

Nchini Marekani, George Washington Sears, aliyeandika kwa jina la Nessmuk, alieleza katika kitabu chake Woodcraft cha mwaka 1884 kwamba yeye hubeba vifaa vitatu tu: shoka dogo lenye makali pande mbili, kisu chembamba cha ala na kisu cha kukunja. Vifaa vyake vilifaa misitu ya nchi baridi, lakini hoja yake inafaa kila mahali: kila zana iwe na kazi yake, na zote pamoja ziwe nyepesi.

Aina kuu

Panga

Panga ni kisu kikubwa chenye bapa pana na jembamba, kwa kawaida la urefu wa sentimita 40 hadi 55 na unene wa milimita 2 hadi 3. Lugha ya Kiingereza ya Afrika ya Mashariki imeliazima neno hili kutoka Kiswahili. Panga hukata kwa kasi ya mkono zaidi kuliko kwa uzito wake. Kwa hiyo linafaa mimea mibichi na laini: nyasi ndefu, kamba za msituni, migomba, matete na matawi yasiyozidi unene wa kifundo cha mkono. Feleji yake si ngumu sana, na hiyo ni faida: likigonga jiwe hujikunja kidogo badala ya kumeguka, na hunolewa kwa tupa palepale porini.

Udhaifu wake huonekana kwenye mti mkavu na mgumu. Hapo bapa jembamba hudunda au hunasa, na anayelazimisha huishia kulikunja panga au kujikata mguuni.

Shoka

Shoka ni zana ya kuangushia miti na kupasulia magogo. Nguvu yake imo katika uzito wa kichwa. Shoka la kukatia miti huwa na kichwa cha kilo 1 hadi 1.6 na mpini mrefu, na kishoka cha safari huwa na kichwa cha chini ya kilo 1.

Kuna miundo miwili. Katika shoka la kiwandani mpini hupita ndani ya tundu la chuma na kukazwa kwa kabari. Katika shoka la asili la Kiafrika mambo ni kinyume: chuma kina mkia mwembamba unaopita katika tundu lililotobolewa kwenye kichwa kinene cha mpini. Kila pigo hukaza chuma zaidi ndani ya mti. Mpini ukivunjika, mwenye shoka hukata mwingine kutoka mti mgumu kama mkole, hutoboa tundu kwa chuma cha moto na kuendelea na kazi. Katika baadhi ya jamii chuma hichohicho hugeuzwa upande na kuwa tezo. Wahadzabe wa eneo la Ziwa Eyasi hutumia shoka dogo la namna hii kuchonga vigingi vya kupandia mibuyu na kufungua matundu ya nyuki.

Methali husema kwamba shoka lisilo mpini halichanji kuni. Kwa msafiri huo si usemi tu: kichwa kilicholegea kikichomoka katikati ya pigo huruka kama jiwe la teo.

Kisu

Kisu hufanya kazi ndogondogo ambazo ni nyingi kuliko kubwa: kukata kamba, kuchonga kigingi, kumenya matunda, kuchuna ngozi, kuchana kitambaa cha kufungia jeraha. Kisu cha msituni kinatosha kikiwa na bapa la sentimita 10 hadi 12 na unene wa milimita 3 hivi. Kilicho kirefu zaidi hakichongi vizuri, wala hakifikii kazi ya panga.

Kisu cha ala, ambacho chuma chake kinaendelea hadi mwisho wa mpini, ni imara kuliko kisu cha kukunja. Cha kukunja ni chepesi, lakini kisipokuwa na kifungo cha kuzuia bapa kinaweza kufunga juu ya vidole.

Msumeno

Msumeno wa kukunja au wa upinde hauonekani sana vijijini, ingawa ndio zana salama zaidi kwa tawi kavu. Haupigwi kwa nguvu, hauruki, na hata mtu aliyechoka anaweza kuutumia. Aidha hukata tawi kwa unyoofu bila kuchana ganda, na jeraha la namna hiyo mti hulifunga haraka. Hasara zake ni kwamba meno yake ni magumu kunoa na haufai kwa nyasi wala kwa kamba za msituni.

Zana nyingine

Mgema wa pwani hubeba kotama, kisu kilichopinda cha kugemea mnazi. Wamaasai na majirani zao huvaa sime, upanga mfupi wenye makali pande mbili unaotumika kwa ulinzi na kwa kukata. Fyekeo, chuma chembamba kilichopinda mwishoni, hufyeka nyasi bila mtu kuinama, lakini halifai kwa tawi lenye ugumu.

Kuchagua kulingana na mahali

Katika misitu yenye unyevu ya milima, kama Usambara na Uluguru, mimea ya chini huwa mibichi na mingi. Panga na kisu vinatosha kwa mpita njia. Panga fupi ni bora, kwa sababu refu hunasa kwenye kamba za msituni kabla ya kufika linapolengwa.

Katika miombo ya Tanzania ya kati, magharibi na kusini, chini huwa wazi lakini miti ni migumu na kuni ni kavu. Hapo kishoka au msumeno hufanya kazi kubwa kuliko panga. Mpingo ni mgumu kiasi cha kufanya zana butu kwa muda mfupi.

Katika nyika ya migunga na vichaka vya miiba panga refu lina faida, kwani huuweka mkono mbali na miiba. Tahadhari inahitajika kwa mnyaa, ambao utomvu wake mweupe ukiruka machoni huleta maumivu makali na unaweza kudhuru uwezo wa kuona. Ni vema kuupita kando kuliko kuukata.

Katika mikoko ya Rufiji, Lamu na kwingineko pwani, wakataji wa boriti wametumia shoka na panga kwa karne nyingi, na boriti hizo zilisafirishwa kwa majahazi hadi Uarabuni. Adui wa zana huko ni maji ya chumvi. Isipooshwa kwa maji baridi na kupakwa mafuta siku hiyohiyo, hushika kutu.

Kwa safari ya siku moja kwenye njia iliyosafishwa, kisu peke yake kinatosha. Kwa kazi ya siku kadhaa, kikundi hakihitaji kila mtu kubeba kila zana: mapanga mawili, shoka moja, msumeno mmoja, tupa moja na kisu kwa kila mtu huweza kuwatosha watu sita.

Kukagua kabla ya kununua

Panga zuri likikunjwa kidogo na kuachiwa hurudi kunyooka. Linalobaki limepinda ni chuma laini, na linalopasuka limekaushwa kupita kiasi. Mpini ushikwe kwa ribiti zisizochomoza, na usiache nafasi kati yake na chuma.

Kwa shoka, nyuzi za mti wa mpini zifuate urefu wake na zielekee upande mmoja na makali. Nyuzi zikikatiza mpini, utavunjika. Fundo la tawi katikati ya mpini ni dalili mbaya. Rangi nzito kwenye mpini huweza kuficha kasoro, hivyo mpini usiopakwa rangi ni rahisi kukagua.

Zana nyepesi ambayo mtu anaimudu ni bora kuliko nzito inayomshinda baada ya mapigo kumi. Kwa kijana anayejifunza, zana ianze na uzito mdogo.

Usalama

Ajali nyingi hutokana na mambo machache. La kwanza ni ubutu. Makali butu humlazimisha mtu kupiga kwa nguvu zaidi, nayo zana huteleza badala ya kuingia. La pili ni ukaribu: anayetumia panga au shoka awe mbali na wenzake kwa zaidi ya urefu wa mkono na zana yake mara mbili, na aangalie juu kama kuna tawi au kamba itakayonasa pigo. La tatu ni mwelekeo: pigo lielekee nje ya mwili, na mguu usiwe kwenye njia ya makali endapo yatakosa shabaha. La nne ni uchovu, hasa jioni, mtu anapoharakisha kumaliza.

Wakati wa kutembea zana ikae ndani ya ala. Anayebeba panga lisilo na ala alishike chini, makali yakielekea nje na mbali na mwili, na asitembee karibu nyuma ya mwenzake. Kumpa mtu zana ni kwa mpini, na mtoaji haachii mpaka mpokeaji aseme ameshika.

Mtu akijikata, jeraha hukandamizwa mara moja kwa kitambaa safi bila kufunuliwafunuliwa, na kiungo huinuliwa ikiwezekana. Kitambaa kikilowa, kingine huwekwa juu yake. Kidonda cha chuma chenye udongo kinaweza kuleta pepopunda, hivyo majeruhi apelekwe kituo cha afya na aulizwe kuhusu chanjo yake.

Matunzo

Panga na shoka hunolewa kwa tupa, kisha kwa kinoo. Tupa husukumwa upande mmoja tu. Kuirudisha huku ikigusa chuma huharibu meno yake. Makali ya panga na shoka hupewa mwinamo wa nyuzi 20 hadi 25 kila upande, na ya kisu nyuzi 15 hadi 20. Mashine ya kunolea inayozunguka kwa kasi, bila maji, huweza kuchoma chuma. Sehemu iliyogeuka buluu imepoteza ugumu wake na haitashika makali tena.

Baada ya kazi zana hufutwa utomvu na maji, hukaushwa na kupakwa mafuta kidogo. Ala ya ngozi haifai kwa hifadhi ya muda mrefu, kwa kuwa hutunza unyevu.

Sheria na jamii

Zana ileile ya kazi inaweza kuhesabiwa kuwa silaha. Nchini Tanzania, Sheria ya Hifadhi za Taifa (Sura 282) inakataza kuwa na silaha ndani ya hifadhi bila kibali, na watu wameshtakiwa mahakamani kwa kukutwa humo na panga au kisu. Mwanakijiji aliyevuka mpaka wa hifadhi akitafuta kuni anaweza kujikuta katika mashtaka hayo. Katika misitu ya hifadhi, kukata mti bila kibali ni kosa chini ya Sheria ya Misitu ya mwaka 2002. Nchini Kenya mambo hayo yanaongozwa na sheria ya uhifadhi wa misitu ya mwaka 2016. Anayeingia kwa utafiti au kazi hupaswa kuwa na kibali chake mkononi na kuonyesha zana zake langoni.

Panga pia lina kumbukumbu chungu. Katika mauaji ya kimbari ya Rwanda mwaka 1994 mapanga yalikuwa miongoni mwa silaha zilizotumika zaidi. Kwa sababu hiyo katika miji na vijiji vingi mtu anayepita na panga wazi huwatia watu hofu, hata kama anatoka shambani. Kulifunga ndani ya ala au gunia, na kuwasalimu watu wa mahali kabla ya kuingia msitu wao, ni sehemu ya adabu ya kubeba zana.

Tazama pia

Panga
Shoka
Kisu
Msumeno
Uhunzi
Miombo
Huduma ya kwanza