Kibarua Akimaliza Mwezi, Sheria Inasemaje?

Na Kitengo cha Mawasiliano cha Kaunti

Msimu wa kuvuna mahindi ukifika, watu hutoka Kimilili, Webuye na Kiminini alfajiri kuja kutafuta kibarua Kitale. Wengine huenda mashambani, wengine kwenye mjengo, wengine kubeba magunia katika maghala. Wanapatana na msimamizi kwa mdomo, wanalipwa jioni, kesho wanarudi. Wiki inakuwa mwezi, mwezi unakuwa mwaka. Kisha asubuhi moja mtu anaambiwa langoni kwamba hakuna kazi tena. Akiuliza haki yake, anajibiwa, "Wewe ni kibarua tu."

Jibu hilo mara nyingi si sahihi kisheria. Ni vyema mfanyakazi ajue kwa nini, na mwajiri pia, kwa sababu kutojua kunaweza kumgharimu kila mmoja wao.

Msingi wa sheria

Katika enzi za ukoloni, Sheria ya Mabwana na Watumishi ya 1906 iliruhusu mfanyakazi aliyetoroka kazi kuadhibiwa kama mhalifu. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia kukaja kipande, kitambulisho chenye rekodi ya kazi ambacho wanaume Waafrika walilazimishwa kubeba. Katika mashamba ya walowezi hapa Trans Nzoia, karatasi ilikuwa chombo cha kumbana mfanyakazi.

Leo mambo yamebadilika. Kifungu cha 41 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu haki ya kutendewa kwa usawa katika masuala ya kazi. Mfanyakazi ana haki ya kupata ujira wa haki na mazingira yanayofaa, kujiunga na chama cha wafanyakazi na kugoma. Mwajiri naye ana haki ya kujiunga na shirika la waajiri. Maelezo ya kila siku kuhusu mikataba, likizo na kufutwa kazi yamo katika Sheria ya Ajira ya 2007.

Kibarua ni nani?

Kwa mujibu wa sheria hiyo, kibarua ni mtu anayelipwa mwisho wa siku na ambaye haajiriwi kwa zaidi ya saa 24 kwa wakati mmoja. Lakini Kifungu cha 37 kinaweka mpaka. Kibarua akifanya kazi mfululizo kwa siku zinazofikia mwezi mmoja, au akipewa kazi ambayo haitarajiwi kuisha kabla ya miezi mitatu, anahesabiwa kuwa mfanyakazi wa kulipwa kwa mwezi. Siku moja ya mapumziko baada ya siku sita za kazi huhesabiwa ndani, pamoja na sikukuu za umma. Akifululiza miezi miwili tangu aanze, anastahili masharti yale yale ambayo angepata kama hakuanza akiwa kibarua.

Hiyo ina maana kwamba:

• Anastahili notisi ya siku 28 kwa maandishi kabla ya kuachishwa kazi, au malipo badala ya notisi.

• Ana siku moja ya mapumziko kila wiki, na likizo ya siku 21 za kazi yenye malipo baada ya miezi 12.

• Akiugua baada ya miezi miwili kazini na kuleta cheti cha daktari, anapata siku 7 za malipo kamili na siku 7 za nusu malipo kwa mwaka.

• Mama anapata miezi mitatu ya likizo ya uzazi yenye malipo kamili, na baba wiki mbili.

• Hawezi kufutwa kwa utovu wa nidhamu au kazi duni kabla ya kuelezwa sababu kwa lugha anayoielewa na kusikilizwa, akiwa na mwenzake wa kazini au mwakilishi wa chama. Mahakama ikiona amefutwa isivyo haki, inaweza kuamuru alipwe fidia ya hadi mishahara ya miezi 12.

Mwajiri naye analindwa

Sheria haimzuii mkulima kuajiri watu kwa msimu mmoja, wala mwenye nyumba kumpa fundi kazi maalumu na kumlipa ikiisha. Inamruhusu pia kumfuta bila notisi anayeiba, anayekuja kazini amelewa au anayekosa kufika bila ruhusa, mradi kwanza amsikilize. Na mfanyakazi wa mwezi anayetaka kuondoka anapaswa naye kutoa notisi ya siku 28.

Mwaka 2017, Mahakama ya Rufani iliamua kesi ya kampuni ya chumvi ya Krystalline Salt na makumi ya waliokuwa wafanyakazi wake. Mahakama iliona kwamba walilipwa kulingana na kiasi cha kazi, si kwa siku, na kwamba Kifungu cha 37 kinahusu vibarua pekee. Wafanyakazi walishindwa. Kwa hivyo kufanya kazi mahali kwa muda mrefu pekee hakutoshi. Ni lazima ijulikane mlipatana vipi.

Andikianeni

Kazi yoyote ya miezi mitatu au zaidi ni lazima iwe na mkataba wa maandishi, na kuuandika ni jukumu la mwajiri. Asiyejua kusoma anafaa kuelezwa mkataba kwa lugha anayoielewa kabla ya kuweka kidole. Mwajiri akishindwa kuutoa mahakamani, ni juu yake kuthibitisha au kukanusha masharti yanayodaiwa.

Mfanyakazi naye aweke kumbukumbu. Andika katika daftari siku ulizofanya kazi, kiasi ulicholipwa na jina la msimamizi. Usifute ujumbe wa M-Pesa wa malipo. Neno kibarua lenyewe limetokana na barua: kilikuwa kikaratasi alichopewa mfanyakazi wa siku ili akirudishe alipokwenda kulipwa. Kikaratasi hicho bado kinahitajika.

Uende wapi?

Viwango vya kazi viko chini ya serikali ya kitaifa, kwa hivyo ofisi za kaunti haziwezi kuamua kesi hizi. Peleka malalamishi yako kwa ofisi ya leba iliyo Kitale, au ile ya Bungoma ikiwa ulifanya kazi huko. Lalamiko la kufutwa kazi lifike kwa afisa wa leba ndani ya miezi mitatu. Kesi mahakamani sharti iwasilishwe kabla ya miaka mitatu kuisha. Mahakimu walioidhinishwa husikiliza kesi za wanaolipwa hadi Sh80,000 kwa mwezi, na Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi huketi pia Bungoma.

Wengi huchelewa wakisubiri kuitwa tena kazini. Ukiambiwa usirudi, andika tarehe hiyo siku hiyo hiyo, na uanze kuhesabu miezi yako mitatu.