Fumbo Lavukapo Mpaka: Nyimbo za D.O. Misiani

Katika kufundisha fasihi simulizi hapa Busia na Tororo, tumezoea kutafuta mifano ya fumbo vitabuni. Tunapendekeza pia nyimbo za Daniel Owino Misiani. Alizaliwa mwaka 1940 huko Shirati, Tanzania, akapata umaarufu Kenya akiongoza bendi ya Shirati Jazz. Aliimba benga, hasa kwa Dholuo, kwa takriban miaka 40, hadi alipofariki katika ajali ya barabarani Kisumu, Mei 2006.

Misiani aliisema siasa kupitia visa vya wanyama na vya Biblia. Hata hivyo, fumbo halikumkinga: alitiwa mbaroni zaidi ya mara moja kwa sababu ya nyimbo zake. Waliolengwa walielewa.

Je, mwanafunzi wetu ataelewa? Dhopadhola ya Tororo ni ndugu ya Dholuo, hivyo msemaji wake atatambua baadhi ya maneno. Lakini kulijua neno si kulifumbua fumbo. Tukitafsiri maneno pekee kwa Kiswahili, tutabaki na hadithi ya mnyama tu. Basi tuanze kwa kuuliza: wimbo uliimbwa lini, nani alitawala, na kwa nini hakutajwa jina?