Mtu wa Leba Akija Kwenye Poshomili ya Kikundi

Vikundi vingi hapa Busibwabo vilianza na kuku na michango ya kila wiki. Leo vingine vina poshomili, vingine vinafyatua matofali. Hongereni. Lakini siku ile mlipomweka kijana awashe mashine na mkamlipa Jumamosi, mlikuwa waajiri. Wengi hudhani mwajiri ni kiwanda cha sukari peke yake. Sivyo. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007, iliyochukua nafasi ya ile ya zamani ya Viwanda, inagusa kila mahali mtu anapofanya kazi, iwe ya kudumu au kibarua cha siku moja.

Swali tunaloulizwa kila mara ni hili: ajali ikitokea, na afisa aje kuchunguza, tufanyeje? Na mashauri ya kwanza kutoka nyuma ya mkutano huwa mabaya kabisa: ficheni kitabu, mpelekeni kijana kwao, mtafutieni afisa chai. Hiyo chai tuimalize hapa hapa. Chini ya Sheria ya Hongo ya 2016 anayetoa ana kosa sawa na anayepokea.

Tuseme mkanda umeshika shati la kijana na vidole vimekwenda. Zimeni mashine, mfikisheni hospitali. Karatasi zitangoja. Baada ya hapo mashine isiguswe, na kifuniko cha mkanda kisirudishwe usiku ati ionekane kilikuwepo. Bolti mpya kwenye chuma chenye vumbi la unga la miaka mitatu inajionyesha yenyewe. Katibu aandike siku hiyo hiyo: ilikuwa saa ngapi, nani alikuwepo, nani aliwasha, mashine ilitengenezwa mara ya mwisho lini. Aandike kilichoonekana, si kinachodhaniwa.

Mtu akifa, afisa wa usalama kazini wa eneo aarifiwe ndani ya saa 24, na taarifa ya maandishi ifuate ndani ya siku 7. Kwa aliyeumia tu, maandishi ndani ya siku 7. Ajali iingizwe pia katika rejista ya mahali pa kazi. Kunyamaza ni kosa la pili juu ya la kwanza.

Afisa akifika, ana ruhusa ya kuingia wakati unaofaa, mchana au usiku, kukagua mashine, kuitisha vitabu, kupiga picha na kumhoji kila mtu. Ninyi nanyi mna haki ya kumwomba awaonyeshe cheti chake cha kazi. Ombeni kwa heshima, hatakasirika. Mtu mmoja ampokee, mwenyekiti au katibu, wasije watu kumi wakiongea pamoja. Wafanyakazi wasifundishwe la kusema. Msilolijua, semeni hamlijui. Na yule aliyelalamika zamani kwamba mkanda uko wazi, msimfukuze, sheria inamlinda.

Afisa anaweza kuacha notisi ya kurekebisha kasoro kwa muda fulani, au notisi ya kusimamisha mashine mpaka iwe salama. Hiyo ya pili inauma, maana unga hausagwi na pesa haziingii. Hata hivyo, msiwashe mashine kisirisiri usiku.

Kuna jambo vikundi hulisahau: bima. Sheria ya Fidia kwa Majeraha Kazini, pia ya 2007, inamtaka mwajiri awe nayo. Mahakama ya Juu iliithibitisha sheria hiyo mwaka 2019. Aliyeumia hahitaji kuonyesha kwamba kikundi kilikosea, na mwanagenzi anayejifunza kazi naye yumo. Ulemavu wa kudumu huhesabiwa kwa msingi wa mapato ya miezi 96. Kijana wa shilingi 6,000 kwa mwezi, akipoteza uwezo wote wa kufanya kazi, hiyo ni shilingi 576,000. Mwekahazina aulizwe kama kikundi kina pesa hizo.

Sisi tuko mpakani, kwa hiyo tuongeze hili. Aliyetoka upande wa Uganda akaumia kwenye mashine yenu hapa, ni wenu kwa sheria ya Kenya. Msimvushe kimya kimya. Uganda nao wana sheria yao ya 2006 kwa walio kazini kule.

Kabla ya yote haya, mkanda uwe na kifuniko cha chuma. Fundi wa kuchomelea pale sokoni anaweza kukitengeneza. Kinamama wasikaribie mashine na leso inayoning'inia. Pawe na sanduku la huduma ya kwanza, kitu cha kuziba pua na mdomo kwa ajili ya vumbi, na mahali pa kazi pasajiliwe. Mkifika wafanyakazi 20, undeni kamati ya usalama. Na wiki hii katibu aulize Wizara ya Leba ni afisa yupi anasimamia eneo letu, kisha namba yake iandikwe ukutani, karibu na swichi.